Tulivyomleta Dada Koku, na Tulivyomrudisha

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kwangu hapa Kashai, Bukoba mjini, kushonewa nguo anaanza na pole, anaketi, halafu anauliza ilikuwaje. Akishasikia nusu anauliza la pili: kule Uganda na huku kwetu, wapi kuna nafuu? Nimelieleza jambo hili vipande vipande huku cherehani inanguruma, mpaka kila mmoja wenu amekuwa na hadithi yake. Mama Happy anaamini dada yangu alifia mpakani, na sijui nani alimwambia. Basi nimeketi niandike mara moja. Msome, mpeane, na mkija tena dukani tuongee habari za vitambaa.

Muleba

Kwa wasiomjua, Dada Koku, yaani Kokugonza, ndiye kifungua mimba wa mama yetu. Aliolewa Uganda, upande wa Kyotera, mimi nikiwa bado navaa sare ya shule ya msingi. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya kahawa, Mganda mpole aliyekuwa akitutania kwamba amekuja kuiba msichana mmoja tu, wengine tutunzwe. Alikufa miaka mingi iliyopita. Dada akabaki kule na watoto, nyumba na kuku wake, na nyumbani alikuja kwa misiba tu, tena kwa haraka.

Mwaka huu mvua zikiwa zimeanza, binti yake Sanyu, ambaye ni mwalimu, alinipigia simu. Alisema ugonjwa wa tumbo wa mama yake umefika mahali ambapo hospitali wanampa dawa za kutuliza maumivu tu. Habari ya namna hiyo huwezi kumpa mama mzee kwa simu, kwa hiyo nilifunga duka nikaenda Muleba. Nilimkuta Mama kwenye mkeka akipukuchua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono haikusimama. Halafu akasema neno moja, "Mleteni."

Wale mliozaliwa mjini nitawaeleza kidogo, maana neno hilo moja lilikuwa zito kuliko mnavyodhani. Kwetu kila nyumba imezungukwa na kibanja chake, migomba na kahawa, na humo ndani ndimo wanamozikwa watu wa nyumba hiyo. Kibanja hurithiwa na mtoto wa kiume. Binti akishaolewa huzikwa kwa mumewe. Kumleta Dada Koku nyumbani katika hali ile kulikuwa ni kumwombea kaburi, na mwenye kulitoa hakuwa Mama wala mimi. Alikuwa kaka yetu Deo.

Na Deo hakuwapo. Alikuwa Goziba, kisiwa cha Ziwa Victoria, akinunua dagaa, kwa sababu kibanja kimeacha kulisha watu. Ugonjwa wa mnyauko uliingia kwetu kama ulivyoingia kwa majirani: majani yanageuka njano, ndizi inaoza ndani ikiwa bado juu ya mgomba, unakata, unafukia, unapanda mahindi na kuona haya. Siku hizi Mama ananunuliwa ndizi sokoni. Anazila, lakini hazisifii kamwe.

Nilitaka nimpigie Deo simu. Mama alinikatalia. Alisema mtu hawezi kuombwa jambo kama lile akiwa anatafuta mtandao juu ya jiwe, niende nikamwambie tukiwa tunaangaliana usoni.

Goziba

Boti ya Goziba inaondoka mwaloni, pale ufukweni zinapoegesha, nahodha akiamua. Siku ile nahodha alikuwa kwenye banda la video akiangalia mpira, na mpira ukaingia dakika za nyongeza, kisha penalti. Tuliketi juu ya magunia ya mahindi, mimi, mama mmoja muuza mitumba na mbuzi wa watu. Yule mama wa mitumba alinigawia viazi vyake vitamu akaniuliza naenda kumfuata mume? Nilipomwambia naenda kumfuata kaka, alinihurumia zaidi. Alisema mume anaweza kurudi kwa aibu, ndugu hana aibu. Hatimaye nahodha alikuja amenuna, timu yake imefungwa, na alituvusha hadi kisiwani na hasira zake.

Goziba sikuwa nimewahi kufika. Ni mabati yaliyosongamana, nyavu, vichanja vya dagaa, na watu wa kila kabila: Wasukuma, Wakerewe, Waha, Waganda, hata Wakongomani. Deo aliponiona mlangoni pa kibanda chake alianza kukunja shuka lililokuwa kitandani, akalikunjua, akalikunja tena. Hakutaka nione anavyoishi. Alinipikia mwenyewe kichwa cha sangara na ugali, chakula kizuri mno, na mimi nilikula kwanza kwa sababu habari mbaya haisemwi kabla ya chakula.

Nilipomweleza, jibu lake la kwanza lilikuwa tumwache Dada kule kule. Uganda, alisema, kuna madaktari waliosoma, kuna dawa, watu wa Bukoba tangu zamani wakizidiwa wanavushwa. Huku tutampa nini zaidi ya panadol? Pembeni alikuwapo mshona nyavu wake, Mganda mtu mzima anayeitwa Ssalongo, na huyo akacheka. Kwa Kiswahili chake cha kuungaunga alisema huko kwao kila kitu ni cha kulipia, ada zilimkimbiza mpaka akavuka ziwa, na hapa kwetu wanawe wanasoma bila karo na usiku hawagongewi mlango. Deo akamjibu kwamba elimu bila ada si elimu, akaangalie madarasa yalivyofurika. Ssalongo naye akaponda hospitali za kwao. Mtanzania anaipigania Uganda, Mganda anaipigania Tanzania, na mimi katikati na jicho la sangara mkononi.

Nilikasirika. Mnanijua nikikasirika. Nilimwambia Deo kwamba sikuja kisiwani kuchagua nchi, nimekuja kumwombea dada yake mahali. Ssalongo alielewa, akachukua nyavu zake akatoka.

 Kisha kaka yangu alisema mambo ambayo siwezi kumlaumu. Alisema kibanja kimebaki kidogo, wanawe mwenyewe hakitawatosha. Kaburi la Koku likiwa pale, watoto wake watakuwa na haki ya kuja kulizuru, na leo ni kuzuru, kesho ni kuuliza mipaka. Wazee wa ukoo nao watauliza kwa nini mwanamke aliyetolewa mahari amezikwa kwao kama vile aliachika. Aliyasema yote hayo akiangalia chini. Alipomaliza alichochea moto.

"Mwambie Mama nimekubali," alisema. "Koku atalala karibu na Baba. Nitakuja kusafisha mahali."

Nililia pale pale mbele yake, na yeye akajifanya anatafuta kiberiti.

Mutukula

Mambo ya vibali na mihuri ya mpakani Mutukula nayaruka, kila mtu anayajua na hayana raha. Basi nilikwenda kumchukua Dada; barabara ya kutoka Bukoba ni nzuri. Kyaka tulisimama sana kwa sababu tairi la gari lilikuwa limechoka na dereva alikuwa anajua tangu asubuhi. Nilinunua ndizi za kuchoma na mishikaki, nikaangalia Mto Kagera ukipita chini ya daraja, mwekundu na mzito.

Upande wa pili wa mpaka nilikuwa na njaa tena. Nilimwendea mama mmoja mtu mzima anayeuza chai na chapati, nikamsalimia kwa Kiswahili changu safi, nikaagiza. Akanipa chai bila kuniangalia, kiti hakunionyesha. Nikasema moyoni, hawa ndio Waganda wapole wanaosifiwa? Jamaa aliyekuwa karibu aliniambia kwa upole kwamba kwa wazee wa huku Kiswahili ni lugha waliyoisikia kwa wanajeshi, wakati wa vita na wa kupekuliwa, ukiisema ghafla mtu anashtuka.

Basi nikajaribu Kihaya chetu, kinachokaribiana na lugha yao, polepole. Uso wa yule mama ulifunguka. Alinivutia kiti, akaniita nnyabo, yaani bibie, akaniuliza habari za kwetu kama tuliachana jana, na chapati ya pili hakutaka nilipie. Lugha ninayoificha hapa mjini nisionekane wa shamba ndiyo iliyonikalisha kitako kule.

Kyotera

Sasa lile swali lenu. Nyumba ya Dada Koku ilinitia wivu, nasema kweli. Matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji inayong'aa, umeme, tangi la maji ya mvua kubwa kuliko jiko la Mama. Na migomba imesimama mpaka mlangoni. Waliniandalia matoke yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani, yakapondwa, juu yake mchuzi wa karanga. Sisi tunapika ndizi nzima na maharage, na Dada zamani alikuwa akisema hawezi kula uji wa ndizi. Siku ile alikula kijiko kimoja cha huo huo uji, akasema zamani hakuujua utamu wake.

Lakini kaa kidogo uone. Sanyu anafundisha watoto wa watu na wa kwake anawasomesha kwa kukopa. Kitengo cha wagonjwa tulichompeleka Dada kuchukua dawa, mwenye mgonjwa ananunua hata glavu, sawa na huku. Vijana wamekaa vijiweni na vyeti, sawa na huku. Barabara zao zina mashimo tusiyo nayo, maduka yao yana vitu tusivyo navyo. Watu wao ni wapole wa maneno, ila kila mmoja anakimbia, na nilipouliza wanakimbilia wapi, Sanyu alisema ada. Kama mlitaka niwaambie mhamie, siwaambii. Kama mlitaka niwaambie sisi tumewashinda, hilo nalo silisemi.

Dada alikuwa amekwisha. Mikono ilikuwa myepesi, tumbo limejaa. Aliyekuwa akimwogesha kila asubuhi ni jirani yake, mjane mwenzake, anayeitwa Nnalongo kwa sababu alizaa mapacha. Walikuwa wakigombana kutwa nzima, kuhusu kuku, kuhusu jua, kuhusu nani alimwazima nani sufuria. Mara ya kwanza nilitaka kumfukuza. Baadaye nikaona kwamba ugomvi ule ndio uliokuwa ukimfanya dada yangu ainue kichwa.

Dada aliniuliza kama kibanja cha Mama bado kimeshikana kiasi kwamba barabarani hauoni nyumba. Nilimwambia ukweli kwamba migomba imekufa, sasa unaona nyumba, choo na hata watu wanaokula. Alicheka akasema nisimtanie mgonjwa. Nilirudia. Akageukia ukutani, nikajua hajaamini na hataki kuamini.

Nilipotoa ujumbe wa Mama, Sanyu alilia na Nnalongo akapandisha sauti. Kwa Kiganda chake nilichokisikia vizuri alisema hajapata kuona watu wanaomng'oa mgonjwa kitandani kwake wakampeleka nchi nyingine kutafuta kitanda. Nilimjibu kwamba sisi ndio damu yake.  Dada mwenyewe alisema, "Mama akikuita, utamwambia huendi?" Mjadala ukaishia hapo.

Njia ya kurudi

Tulikodi gari dogo tukalaza viti na kuweka godoro. Sanyu alibaki kwa ajili ya mitihani ya shule yake, akaahidi kutufuata. Nnalongo alikuja na kikapu cha parachichi kwa ajili ya Mama, mtu asiyemjua, akakiweka miguuni kwa Dada bila kuniaga mimi.

Pale Kyaka dereva aliniambia tupite polepole, kila tuta lilikuwa linamtoa Dada sauti. Tulilala kwangu hapa Kashai, baadhi yenu mlikuja kumwona na mliona hali. Asubuhi aliomba tumpitishe njia ya ziwani. Aliangalia maji akasema ni yale yale yanayofika kwao, ila kule yako mbali na mlango. Nilisikia aliposema kwao. Nilifikiri ni mazoea ya mdomo.

Sebuleni kwa Mama

Tulifika Muleba jua likiwa bado juu. Dada alikuwa ameinuliwa kwenye mto ili aone. Gari lilipokunja kona aliona nyumba moja kwa moja kutoka barabarani, mahindi, mihogo, na migomba michache mipya iliyosimama mbalimbali kama watu wasiofahamiana.  Aliendelea kutazama hata baada ya gari kuzimwa.

Wifi yetu Jasinta, mke wa Deo, ndiye anayekaa na Mama, na ni mwanamke mwema. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea. Alikuwa ameamka mapema, amefagia, ametandaza nyasi mpya sebuleni kama zilivyotandazwa enzi za wazee, ameweka shuka jeupe kwenye kochi. Tulimbeba Dada tukamlaza pale. Kisha Jasinta akaja amepiga magoti, kwa mikono miwili, ameshika kikapu kidogo kilichofunikwa. Ndani yake zilikuwa kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa.

Mnajua kahawa ile hupewa nani. Hupewa mgeni. Mtoto wa nyumba anayetoka safari haletewi kikapu, anapita moja kwa moja jikoni, anafunua sufuria, anampigia mama yake magoti kwenye mafiga, na kahawa akiitaka anaichota mwenyewe inapowekwa. Jasinta hakukosea kwa ubaya. Alikuwa amemwona Dada misibani tu, amevaa gomesi, lile vazi la wanawake wa Kiganda, anaongea Kihaya chenye lafudhi ya watu wengine. Alimpa heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo.

Dada alitazama kikapu, akatazama mlango wa jikoni ambako Mama alikuwa anakuja akijikongoja. Alichukua kahawa moja, akaitia mdomoni, akamshukuru Jasinta kwa maneno ya mgeni, yote, kwa mpangilio wake. Mama alisimama mlangoni akasikia shukrani ile mpaka mwisho. Niliona uso wake. Nilitamani nimpokonye Jasinta kile kikapu nikitupe nje, ila kikapu kikishatolewa kimetolewa.

Siku zilizofuata tulimfanyia kila kitu. Majirani walikuja kwa zamu, wakakaa kwenye nyasi na kuongea naye polepole, kwa sauti ya juu, kama tunavyoongea na wageni. Walimuuliza Uganda kukoje, sukari bei gani, sabuni bei gani, huko na hapa wapi kuna nafuu. Alijibu kwa adabu. Hakuna aliyegombana naye. Mama alimpikia ndizi kwa maharage, ndizi za kununua, akala kidogo akasifia. Mama aliniambia jikoni kwamba Koku wa zamani asingesifia, angesema chumvi haitoshi.

Jioni moja tulikuwa watatu, Mama, yeye na mimi. Dada alisema anataka kurudi.

Mama alimuuliza kama tumemkosea. Alisema hapana. Akamuuliza kama kule kuna maisha bora. Dada alifumba macho, nikadhani amelala.

"Siyo bora, Mama," alisema. "Ila kule ndiko nilikochokea. Hapa nawatazama ninyi mnavyochoka kwa ajili yangu."

Sikuvumilia. Nilimkumbusha safari yangu ya Goziba, nilimkumbusha Deo alivyotoa neno lake, nilimwambia safari itamuua. Nilisema mengi ambayo mgonjwa haambiwi. Mama aliniinulia mkono ninyamaze. Aliinuka, akaenda chumbani, na nikamsikia anafungua sanduku lake la bati. Nilidhani anatafuta rozari. Alirudi amevaa gauni la kanisani na khanga begani. Aliniambia nitafute gari, wanaondoka wote wawili kesho.

Mutukula tena

Mama hakuwa amevuka mpaka maisha yake yote. Binti akiolewa husindikizwa na mashangazi, mama hubaki nyumbani, na baadaye alipoalikwa kulikuwa daima na jambo la shambani. Sasa shamba halikuwapo la kumzuia. Alikaa kiti cha nyuma, kichwa cha Dada kwenye mapaja yake, akimpepea kwa ncha ya khanga. Jasinta alitufungia maharage na akalia mpaka gari likaondoka. Bado anaamini ni yeye aliyetufukuza, na mkionana naye mwambieni sivyo.

Mvua kubwa ilitukuta kabla ya mpaka, tukasubiri pembeni, maji yakipita juu ya barabara. Dereva akawasha redio kisha akaizima mwenyewe. Mama alikuwa akimsimulia Dada habari za siku aliyozaliwa, jinsi bibi alivyokataa kuamini kuwa ni msichana. Dada alikuwa anatabasamu. Mimi nilikaa mbele nikilia kimyakimya, nikiona uchungu kwamba maneno yale hayakusemwa sebuleni, yamesubiri tuwe njiani tukiondoka.

Kule Kyotera, Nnalongo alikuwa uani. Alipoona gari alikuja mbio bila kiatu kimoja. Cha kwanza alichomwambia Dada ni kwamba kuku wake wawili wamekufa na yeye hahusiki. Dada alimwita mwongo. Alilisema kwa nguvu ambayo sikuwa nimeisikia Muleba hata siku moja.

Kaburi

Alikufa siku chache baadaye, asubuhi, Nnalongo akimwogesha na Mama akimshika mgongo. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua mkate.

Walimzika kwenye ardhi ya ukoo wa mumewe, kando ya mumewe, wamemviringisha kwa nguo ya magome ya mti, heshima yote. Padre alisoma kwa Kiganda. Shemeji zake walisema maneno mazuri, na katika kila neno zuri walimtaja kama mke wetu aliyetoka Tanzania. Baada ya miaka yote ile. Nilimtazama Mama, nikaona na yeye amesikia.

Matanga yalipokwisha nilifunga mizigo yetu. Mama alitoa nguo zake kwenye mfuko, moja moja, akazirudisha juu ya kitanda cha Dada. Alisema haondoki. Nilianza kumbembeleza, kisha nikaanza kugomba, mnanijua. Nilimwambia Koku hayuko peke yake, ana watoto, ana mume pembeni yake, ana Nnalongo.

"Watoto ni wa ukoo wa baba yao," Mama alisema. "Mume ni wa kwao. Katika makaburi yote yale, wa kwetu ni nani? Ninyi huko mko wengi. Yeye hapa yuko peke yake."

Sanyu alipiga magoti akamwambia bibi yake anakaribishwa maisha yake yote. Mama alimwinua, akamuuliza jembe liko wapi, kwa maana migomba ya nyuma ya nyumba ilihitaji kupunguzwa machipukizi. Niliondoka nikiwa peke yangu. Kupita Mutukula sikumbuki lolote, hata kama nilikula.

Nyumbani

Sikupitia kwangu Kashai, nilikwenda moja kwa moja Muleba. Deo alikuwa amefika kutoka Goziba kabla habari za msiba hazijamfikia. Simu yake haikupatikana, na ingawa Jasinta alimwambia tumemrudisha Dada, aliamini tutamleta azikwe nyumbani. Nilimkuta kibanjani, karibu na kaburi la Baba. Alikuwa ameng'oa visiki vyote vya migomba iliyonyauka, amesawazisha udongo, amepanga mawe pembeni. Mahali palikuwa safi kabisa. Alinyoosha mgongo aliponiona, akatazama nyuma yangu kuona wengine wako wapi.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Dada alizikwa, na wapi. Mama yuko kule na hataki kurudi. Alisikiliza ameegemea jembe, na hakuuliza kuhusu Koku. Alikuwa anamfikiria Mama, umri wake, na afya yake ambayo sote tunaijua.

"Ukoo ule hautamzika mama yetu kwao," alisema mwishowe. "Si mke wao, si mtoto wao. Hawana mahali pa kumweka."

"Anajua," nikamwambia.

"Anajua, na bado amekaa?"

"Bado amekaa."

Deo alitazama ule udongo aliousawazisha. Kisha akaketi chini, juu ya yale mawe, na mimi nikaketi naye mpaka Jasinta alipokuja kutuita tukale.